Kipimo cha Siku ya Kwanza

Wanaosema mapenzi ya uzeeni hayana haraka hawakumwona Fundi asubuhi ile ya Alhamisi. Alifika ukumbini kabla ya mwenye funguo, amevaa koti lake la kijivu lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe, na kwapani amebana kifurushi cha karatasi. Ndani ya kifurushi mlikuwa na gauni la kijani. Alikuwa amekuja kumposa Mkunga, na maneno ya kuposea alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea, mara kwa sauti nzito, mara kwa utani, na namna zote mbili zikimtoka vibaya.

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya zahanati, chumba kirefu chenye madirisha ya nondo, meza kuukuu zilizotolewa na shule, na vyerehani vya kukanyaga vilivyopangwa ukutani. Hapo ndipo walipokutana wazee wa kikundi chao, waliojiita Hatujachelewa. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kufundisha anachokijua. Siku nyingine zote alikuwa mwanafunzi, akae kwenye benchi kama wenzake na asijifanye mjuzi. Dereva mstaafu alifundisha kubadilisha tairi. Mwalimu mkuu mstaafu, waliyempa jina la Kengele kwa sababu shule aliiacha lakini kengele yake hakuiacha, alifundisha kutumia simu. Mkunga alifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani na kumwosha mtoto mchanga. Alhamisi ilikuwa siku ya Fundi, na vilivyoshonwa siku hiyo, vikofia na vishati vya watoto, vilipelekwa bure wodi ya wazazi, wapewe akina mama walioingia humo mikono mitupu.

Mwanafunzi yeyote mpya, somo lake la kwanza kwa Fundi lilikuwa moja: usikate. "Kilichoshonwa vibaya kinafumuliwa," aliwaambia. "Kilichokatwa hakirudi. Mkasi tutauona mwisho kabisa, na tukiweza tusiuone." Vipande aliwaletea vimeshakatwa kwake nyumbani, na kitambaa kilichozidi alikikunja ndani ya mshono, kikae humo kikisubiri siku mwenye nguo atakaponenepa. Kulikuwa na watu waliotembea na nguo za Fundi wasijue kwamba ndani yake mna nafasi ya mtu mwingine mzima.

Mkunga alikuwa mwanafunzi wake mbaya kuliko wote. Shati lake la kwanza alilishonea mkono shingoni, akaliinua juu darasa zima lione, akauliza kama kuna mama aliyezaa mtoto wa kulivaa. Naye Fundi siku ya Mkunga alipewa mwanasesere amwoshe, akamshika miguu kama kuku wa kuchinjwa. Mkunga akamwambia kwa upole kwamba mtoto huyo ameshafariki, wapelekewe pole wazazi wake. Benchi zima likacheka mpaka Kengele akagonga kengele.

Lakini cheko lile lilimchoma Fundi mahali. Alikuwa na watoto, sasa wakubwa wenye mvi zao, na kila alipozaliwa mmoja yeye alikuwa nje ya geti la hospitali na wanaume wenzake, akingoja kuitwa. Marehemu mkewe alimletea watoto wakiwa wameshafungwa vizuri kama mkate. Kwa hiyo siku alipofuatana na Mkunga kupeleka vikofia wodini, na Mkunga akachukua kichanga kitandani akakitia mikononi mwake bila kumuuliza, Fundi alisimama hapo na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. Mkunga alikwenda dirishani akatazama nje mpaka mwenzake alipomaliza. Wapo watu wanaopendwa kwa walichosema. Yeye Fundi alimpenda Mkunga kwa vile alivyogeuka dirishani.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kikundi kizima kilijua kabla ya wenyewe kujua. Kengele akawa akiwaona wanakuja na kikapu cha nguo wamekishika kila mmoja upande wake, anasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Ng'ombe hazeeki maini!" Mkunga hujibu kwamba mdomo nao hauzeeki, ushahidi ni yeye.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo wawili hawa hawakulisema. Fundi aliwashonea wenzake wote magauni na makoti ya kazi ya buluu. La Mkunga lilirudi. "Linanipwaya, Fundi. Ulinipima una usingizi." Fundi akajibu kwamba kitambaa kimelegea, akalipunguza. Baadaye likarudi tena, akapunguza kiunoni. Likarudi tena, akapunguza mabegani. Pamba ile hailegei hata ukiichemsha, na hilo Fundi alilijua kama anavyojua jina lake. Bandu bandu huisha gogo: gogo lilikuwa linaisha mikononi mwake, na yeye ndiye aliyekuwa na futi ya kulipimia.

Hakuuliza. Aliyemfunza kazi alimfunza na adabu yake: fundi hamwambii mteja kwamba amenenepa, wala kwamba amekonda. Mwili ni siri ya mwenyewe. Wewe kaza au legeza, rudisha nguo, funga mdomo. Kwa adabu hiyo alikuwa ameendesha maisha na hakuwahi kumvunjia mtu heshima. Mkunga naye, aliyekuwa akiwakaripia wanawake wodini kwamba mficha uchi hazai, wafungue midomo waseme wanaumwa wapi, alificha lake. Mganga hajigangi.

Gauni la kijani Fundi hakulishona kwa kipimo cha sasa. Alilishona kwa kipimo cha siku ya kwanza, siku Mkunga alipoingia ukumbini na mabega yake mapana na kicheko chake, akauliza hapa ndipo wanapofundishwa wazee wasiofundishika. Si kwamba Fundi alisahau. Alishona gauni la mtu aliyemtaka arudi, basi.

Mkunga hakuja kwa miguu siku hiyo. Wenzake walikuwa wameshaketi, vyerehani vimeanza kulia, liliposimama gari mlangoni na binti yake akashuka upande wa usukani. Binti huyu alikuwa mhasibu katika mji wa mbali, mwanamke wa maneno machache aliyezoea kusikilizwa. Aliwahi kuja likizo akamkuta Fundi nyumbani kwa mama yake, juu ya kiti, anatundika pazia. Alimsalimu vizuri, akangoja aondoke, kisha akamuuliza mama yake watu watasema nini, na wajukuu waambiwe huyu ni nani. Mkunga mwenyewe ndiye aliyemsimulia Fundi habari hiyo, huku anacheka, lakini tangu siku hiyo mapazia yalitundikwa na mtu mwingine.

Binti akamfungulia mama yake mlango wa gari, akamshika kiwiko. Mkunga hakuwa mtu wa kushikwa kiwiko. Vyerehani vikanyamaza kimoja baada ya kingine.

Mkunga aliwasalimu wote, akasema amekuja kuaga. Alisema kwa kifupi kama mtu anayesoma ubao: ameumwa muda, amepimwa, binti yake amepata daktari huko anakoishi, wanasafiri leo hii. Akaomba radhi kwamba shati lake la wiki iliyopita halina vifungo. Kisha akaketi kwenye benchi lake, maana kusimama kulikuwa kumemchosha, na wanawake wakamzunguka.

Fundi alibaki amesimama mlangoni na kifurushi chake. Binti akamjia. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na heshima ikaishia hapo.

"Mzee, nataka kukuuliza kitu. Mama ameniambia wewe ndiye uliyekuwa ukimpunguzia nguo."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mara ngapi?"

Fundi alihamishia kifurushi kwapa la pili.

"Mimi niko mbali, namwona kwenye simu, ananionyesha uso tu, anacheka. Wewe ulikuwa na futi mkononi. Ulijua kabla ya daktari. Kwa nini hukusema?"

Fundi akamweleza adabu ya kazi. Alimweleza polepole, kwa sauti ya chini, na kadiri alivyoeleza ndivyo yeye mwenyewe alivyosikia maneno yake yanavyopwaya. Aliposema kwamba fundi hamwambii mteja, binti akamkatiza.

"Mama yangu ni mteja wako?"

Kuna maswali ambayo mtu akishayajibu hawezi tena kukaa alipokuwa. Fundi alitazama sakafu.

"Si mteja," alisema. "Na hilo nilipaswa kulijua mapema."

Binti alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa jibu hilo. Alifuta macho haraka kwa kiganja, akasema mama amemwomba apewe muda wa kumuaga Fundi, na yeye atangoja garini. Akaongeza kwamba safari ni ndefu. Hakusema kwa ukali.

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na kona ya kupimia nguo, yenye pazia, kioo na kiti kimoja. Fundi alimpeleka Mkunga huko. Kengele, ambaye maishani hakuwahi kunyamaza bila kulipwa, aliwaambia wanafunzi wakanyage vyerehani kwa nguvu, hata wasio na uzi, ili wale wawili wasisikike. Wakakanyaga.

"Nimekuletea kitu," Fundi alisema.

Mkunga alifungua karatasi. Alilishika gauni kwa mikono yote miwili, akapitisha kidole kwenye kola, kwenye pindo, kama alivyofundishwa kuikagua kazi. Kisha akaingia nyuma ya pazia. Alikawia. Alipotoka, gauni lilikuwa limemmeza. Mabega yake yalikuwa yameanguka katikati ya mikono, na kiunoni palikuwa na nafasi ya kuingiza mtoto.

Wakatazamana kwenye kioo.

"Hiki ni kipimo cha lini?"

"Cha siku ya kwanza."

"Na cha juzi unacho?"

"Ninacho."

"Basi kwa nini?"

"Mkono ulikataa," Fundi alisema. "Nilikitandaza kitambaa mara... Nilitaka kulishona kwa cha juzi, Mkunga. Nilikaa na chaki mezani. Mkono ukakataa."

Mkunga alikaa kwenye kiti. Alicheka kidogo, kile kicheko chake, kikaishia kifuani kwa kikohozi. Akamwambia alijua tangu mara ya kwanza kwamba kitambaa hakijalegea. Hata yeye si mjinga wa pamba. Alikuwa akimletea gauni lile la kazi ili amuulize. Kila alipolileta alijisemea leo ataniuliza, na akiniuliza nitamwambia. "Ukanijibu kitambaa kimelegea, nami nikasema afadhali, nipate Alhamisi nyingine."

Fundi alipiga goti mbele ya kiti chake, si kwa ajili ya kuposa. "Nisamehe."

"Nani amsamehe nani? Tulikuwa wawili."

Akamwomba alipunguze. Sasa hivi, limwenee, maana anataka kutoka humu amevaa nguo yake, si kujifunika. Fundi akachukua pini. Amepima watu maisha yake yote na hakuna kipimo kilichowahi kumtetemesha. Siku hiyo alibana kitambaa ubavuni mwa Mkunga akahisi mbavu chini ya vidole vyake, ikabidi asimame kidogo atazame ukutani. Mkunga alimwacha atazame. Alikuwa hodari wa kumpa mtu muda.

Fundi alimpa shuka ya kujifunika, akalipeleka gauni kwenye cherehani kilichokuwa karibu, akashona ubavu huu na ubavu huu. Alipolirudisha, na Mkunga akalivaa, lilikaa kama lilizaliwa naye. Alikuwa mzuri. Alikuwa amekonda, amechoka, na alikuwa mzuri, na Fundi alimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, bila mazoezi ya kioo.

"Nije nawe?" akauliza.

"Kwenye nyumba ya mkwe wangu? Utalala wapi, na utaitwa nani?"

"Nilikuwa nimekuja na jibu la hilo."

"Najua ulichokuja nacho. Ulimwambia Kengele, na kumwambia Kengele ni kutangaza." Alimshika mkono. "Usiniulize, Fundi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitakubali."

Vyerehani vilikuwa vinalia upande wa pili wa pazia, vyote kwa pamoja.

"Ukiniuliza nitakubali," Mkunga alisema, "na nikikubali sitapanda gari lile. Nitakaa hapa nawe. Mimi nimeishi hospitalini, najua kinachopona na kisichopona, na hiki changu sidhani. Lakini yule mtoto hajui. Anataka kujaribu. Nisipokwenda, atabaki maisha yake yote akisema mama angepona kama si yule mzee. Sitaki aishi na neno hilo. Na sitaki uitwe hilo."

Fundi alikuwa na swali mdomoni. Lilikuwa neno moja tu, na alijua kwamba akilisema amempata. Hakuna mtu atakayemlaumu mbele yake. Angempikia uji, angemgeuza kitandani kama alivyofundishwa na yeye mwenyewe, angemtazama asubuhi zote zilizobaki. Alilitaka neno lile.

Mkunga, kwa kuwa alimwona anateseka, alishusha mkono akapapasa mshono wa ubavuni. Vidole vyake vikasimama. Ndani ya mshono palikuwa na kitambaa kingi, kimekunjwa vizuri, kimelazwa.

"Hujakata."

"Sijakata. Ukirudi nitafumua. Utapata nafasi yako yote."

"Kinanichoma mbavu, Fundi. Kulala ubavu siwezi nikiwa nacho, na njia ni ndefu."

Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kulifundisha kwenye siku yake, kwa sababu wazee wa kikundi hawangelihitaji. Mtoto akishatoka, kitovu hukikati papo hapo. Unakishika kwa vidole unakisikiliza, kinapiga, na kikiwa kinapiga unangoja, maana bado mama anampa mtoto kitu. Kikiacha kupiga ndipo unakata. "Ukiwahi, umemnyima mtoto. Lakini usipokata kabisa, hakuna anayekwenda nyumbani. Wanawake wengi walinililia nisikate. Nilikata. Sijawahi kufurahi, lakini nilikata."

Akageuka ubavu. "Mkasi uko wapi, mwalimu?"

Mkasi ulikuwa msumarini, mahali pake, uliotumika kwa nadra mpaka ukapata vumbi. Fundi aliutwaa. Aligeuza gauni ndani nje, Mkunga akiwa amejifunika shuka, akalaza mshono juu ya goti lake. Alikaa hapo muda mrefu. Mkunga hakumharakisha, aliweka kiganja chake juu ya mkono wake wa kushoto, kama anayesikiliza kitu. Kisha Fundi akakata. Akakata ubavu wa kwanza, moja kwa moja, bila kupinda, na machozi yakaingia kwenye kitambaa. Akakata na wa pili. Swali lake hakuliuliza.

"Hivyo vipande visitupwe," Mkunga alisema alipokuwa akifunga vifungo. "Vinatosha kichwa cha mtu."

Walitoka pamoja. Binti alikuwa amesimama kando ya gari; alipomwona mama yake katika kijani, nguo imemkaa mwilini na shingo imenyooka, aliuachia mlango aliokuwa ameushika. Alimsogelea akamweka kola sawa, ingawa kola ilikuwa sawa. Wazee wote walikuwa mlangoni. Kengele alisema kwamba mwanafunzi huyu anaondoka bila ruhusa ya mwalimu mkuu na atapewa adhabu akirudi, na sauti yake ikakatika hapo kwenye kurudi.

Mkunga alipanda. Hakumtazama Fundi mara ya pili, na Fundi alishukuru. Binti alizunguka kwenda kwenye usukani, akasita, akarudi.

"Baba," alisema. Mara zote alikuwa akimwita mzee. "Jioni huwa nampa simu aongee na wajukuu. Nitakuwa nakupigia na wewe."

"Utawaambia ni nani?"

Binti alifikiri. "Nitawaambia ni mtu wake bibi."

Gari likaondoka, likapita zahanati, likapinda.

Fundi alirudi ndani. Wenzake walirudi kwenye viti vyao, kila mtu akajishughulisha na uzi uliokuwa tayari kwenye sindano. Mama mmoja aliyekuwa amejiunga wiki ile, na ambaye somo la kwanza alikuwa bado analirudia kichwani ili asilikosee, aliuliza kwa adabu kama wanaendelea na mapindo.

Fundi alivua koti lake la kijivu, akalitundika. Alitoa mfukoni vile vipande virefu vya kijani, akavilaza mezani, akavinyoosha kwa kiganja. Alichukua chaki akachora duara dogo, la kichwa cha mtoto mchanga. Kisha akauweka mkasi katikati ya meza, wote wauone.

"Hapana," alisema. "Leo tunajifunza kukata."